Unywele wa Pili Juu ya Jicho

Generose Namulisa alifika ukurasa wa mwisho wa makala ile akiwa amesimama kando ya mashine ya kuchapa, karatasi bado zina joto mkononi, ndipo akaelewa kwamba hawakumtaja. Akarudi ukurasa wa kwanza. Akasoma tena, mstari kwa mstari, akifuata kwa kidole. Jina la Mkurugenzi Lionel lilikuwepo, juu kabisa, likifuatwa na shahada zake zote. Jina la profesa wa Ulaya lilikuwepo, tena mara mbili, kwa sababu jenasi mpya ya wadudu yenyewe ilipewa jina lake: profesa aliyekuja kituoni hapa Uvira mara moja tu, akakaa siku nne, na siku tatu kati ya hizo akashinda hotelini anaumwa tumbo. Chini kabisa, mahali pa shukrani, iliandikwa: tunawashukuru wafanyakazi wa kituo.

Wafanyakazi wa kituo! Kituo kizima cha utafiti wa wadudu kilikuwa na watu watatu: Mkurugenzi, mlinzi, na yeye. Na mlinzi hajawahi kugusa mdudu, ila labda kwa kisigino.

Wadudu wenyewe walikuwa mbawakawa wa ardhini, weusi, wadogo kuliko punje ya mchele, wanaokimbia chini ya majani yaliyooza kando ya mto kule Runingu na hawana habari ya kuruka. Generose ndiye aliyewakamata, sitini na watatu, katika miaka kumi na tisa ya kazi. Ndiye aliyewagandisha kwa gundi, mmoja mmoja, kwenye vijikaratasi vyao, akaandika kwa penseli mahali na tarehe. Ndiye pia aliyemwambia Lionel, miaka mingi iliyopita, kwamba hawa wa Runingu si wa kawaida, tuwaangalie. Lionel alikuwa akipiga simu wakati ule, akamwonyesha kwa mkono kwamba asubiri. Amesubiri hadi leo.

Aliingia ofisini bila kubisha.

"Directeur, nimesoma artikle. Minye siko ndani."

Lionel hakuinua macho kwenye kompyuta. "Uko ndani, Mama Generose. Angalia kule chini. Tumeshukuru bote."

"Bote ni nani?"

"Mama, iko kazi ya science hii. Kukamata mududu si kuandika. Mutu akikuletea samaki, weye ukapika, utasema ni yeye alipika?" Akacheka kidogo, akajipenda kwa mfano wake. "Artikle imekubaliwa, bageni ba kuisikiliza banafika siku ya tano. Unifanyie kopi makumi mbili, nzuri nzuri."

 Generose angejibu, angemrushia kile kitabu kinene cha Kifaransa cha kutambulia wadudu kilichokuwa mezani, na kitabu kile kilikuwa mali ya kituo. Akaenda akatoa kopi ishirini, na kila moja iliyotoka mashineni ilimchoma moyo upya.

Jioni, nyumbani, mtaa wa Kimanga, alipondaponda sombe, majani ya muhogo, kwenye kinu kana kwamba Lionel alikuwa ndani yake. Mdogo wake Blandine, fundi wa cherehani aliyekuwa akiishi naye tangu afiwe na mume, alimtazama kwa muda akiwa mlangoni.

"Yaya, dada yangu, kasirika, lakini usitoboe kinu. Tutaazima wapi ingine?"

"Anasema minye ni muuza samaki!"

"Alisema vile?"

"Ni kama alisema vile. Sikiliza, Blandine. Mutu anayeandika haraka vile, hawezi kukosa kosa. Nitaitafuta. Na nikiipata, nitasimama mbele ya bageni bote, nitaisema."

"Na kazi?"

"Kazi ikwende!"

Blandine akarudi kwenye cherehani yake. Alimjua dada yake: hasira za Generose hazikuwa za kupigia kelele tu halafu zikaisha, zilikuwa za kufanyia kazi. Mwaka ule alipomkasirikia mwalimu wa hesabu alirudi na nafasi ya kwanza.

Kesho yake, Jumanne, siku ya pili ya juma, Lionel alikuwa mjini akitafuta viti vya kukodi. Generose alijifungia labo, maabara ya kituo, akatoa masanduku, akawasha taa ya darubini.

Kutambua jenasi ni kazi ya kuulizwa maswali. Spishi ni mtoto, jenasi ni nyumba anayotoka, na kile kitabu kinene kinakuongoza nyumba hadi nyumba. Miguu ya mbele ya dume imepanuka? Ikiwa ndiyo, nenda namba kumi na nne. Kuna mabawa chini ya yale magamba magumu ya mgongoni? Ikiwa hakuna, nenda namba ishirini na mbili. Hapo namba ishirini na mbili ndipo makala ya Lionel ilipojenga nyumba yake yote. Kitabu kinauliza: juu ya jicho kuna nywele ngumu mbili, au mmoja? Wakiwa na mbili, wanaingia kwenye jenasi inayojulikana tangu zamani, imejaa Afrika ya Kati nzima. Wakiwa na mmoja, kitabu kinaishiwa na maneno. Wadudu wa Runingu walikuwa na unywele mmoja. Basi Lionel akasema: jenasi mpya.

Generose alimweka wa kwanza chini ya lenzi. Jicho lilionekana kubwa, limegawanyika vipande vipande, na mbele yake unywele mmoja umesimama wima. Ni kweli. Akamgeuza polepole kwa ncha ya sindano, taa impige kwa ubavu, kama alivyojizoeza mwenyewe bila kufundishwa na daktari yeyote.

Nyuma ya ule unywele, ukingoni mwa jicho, palikuwa na kitundu.

Akasogeza taa karibu. Kwa wadudu hawa kila unywele umeota kwenye kitundu chake, na kitundu kikiwepo kitupu maana yake unywele ulikuwepo ukakatika. Akatazama jicho la pili. Kitundu. Mdudu wa pili, vitundu viwili. Wa kumi, wa thelathini. Lionel alikuwa amehesabu nywele kwenye picha, picha zilizopigwa kutoka juu moja kwa moja, mahali ambapo kitundu hakionekani.

Generose alicheka peke yake mle labo. Alicheka hadi machozi. Hapakuwa na jenasi mpya. Palikuwa na wadudu wa zamani walionyolewa, na profesa mzima amepewa heshima ya kinyozi!

Lakini alimjua Lionel. Angesema vitundu ni vitundu tu, angesema mama huyu hana shahada. Ilibidi apate mdudu mzima, ambaye hajaguswa. Saa sita mchana akapanda pikipiki hadi Runingu, ana vikombe vya plastiki kwenye mfuko na chupa ya kasiksi, ile pombe ya ndizi.

Shamba lilikuwa la Mzee Nizigama, mkulima wa mpunga na muhogo, na lilishuka hadi ukingo wa mto. Wadudu wa kwanza kabisa walitoka hapo. Mzee alimkuta Generose amepiga magoti, akizika vikombe hadi midomo yake ikalingana na udongo, na kumimina kidogo ndani ya kila kimoja.

"Yebaba we!" mzee akalia. "Mama, sisi hatupate kasiksi ya kunywa, weye unakuja kulewesha badudu?"

"Banapenda harufu, mzee. Banakuja kuonja, banaanguka."

"Ata minye ningeanguka." Akachungulia kikombe kwa huzuni ya kweli. "Mukubwa yako, ule Docteur, anaendelea? Ni siku mingi hatumuone huku."

"Hakuje, mzee. Eko anapika samaki."

Nizigama hakuelewa, na Generose hakumweleza. Alilala kwa mkwe wa mzee, na jua lilipochomoza akaenda kufukua vikombe vyake. Sisimizi wengi, buibui, na wanne wa wale weusi. Akachukua lenzi yake ya mkononi, akageukia jua. Juu ya kila jicho, nywele mbili. Mbili! Alipiga yowe lililowatoa kuku wa Nizigama kwenye mihogo, akamshika mzee mikono akamtikisa.

Njia nzima ya kurudi, pikipiki ikiruka mashimo ya bonde la Ruzizi, alikuwa akitunga hotuba yake ya siku ya tano. Angesubiri Lionel amalize. Angesubiri makofi. Kisha angenyoosha mkono, kwa adabu kabisa, na kuuliza swali dogo kuhusu vitundu. Aliirudia hotuba mara tatu, na kila mara ilizidi kuwa tamu.

Swali lilimjia alipokuwa ameshakaa darubinini tena, wadudu wapya mkono wa kulia na wa zamani mkono wa kushoto. Hao wa zamani, nani aliwavunja nywele?

Mafuriko, alijijibu haraka. Aprili ya mwaka wa elfu mbili na ishirini mto Mulongwe ulipoingia mjini, matope yalifika hadi rafu ya tatu ya labo, na wote sitini na watatu walikuwa tayari humo. Lakini maji yangevunja hovyo. Huyu angepoteza unywele wa kulia, yule wa kushoto, mwingine zote, mwingine asingepoteza hata mmoja. Hawa sitini na watatu wote walikuwa wamepoteza unywele wa nyuma, kulia na kushoto, na wote wamebaki na wa mbele. Hiyo ilikuwa kazi ya mkono. Tena mkono mmoja, makini, usiochoka, unaofanya jambo kwa namna ileile kutoka wa kwanza hadi wa mwisho.

Generose akaitazama mikono yake.

Wiki mbili baada ya mafuriko, wageni wa wizara walikuwa wanakuja kuona hasara. Lionel alifungua masanduku, akaona wadudu wamevaa matope, akasema, "Sitaki baone uchafu. Nataka bang'ae." Na Generose akachukua mswaki mpya, maji ya vuguvugu na sabuni ya unga, akawasugua mmoja mmoja, siku tano mfululizo. Akawasugua kutoka nyuma kwenda mbele, jinsi anavyosugua sufuria zake, jinsi mama yake alivyomfundisha kusugua. Kisha akawagandisha upya kwenye karatasi safi. Waling'aa kweli. Lionel alisema, "Mama, uko na mikono ya ajabu," na yeye akatembea na sifa ile wiki nzima, akamsimulia Blandine, akawasimulia hata watu wa kanisani.

Alikataa kuamini. Akachukua mmoja kati ya wale wanne wa Runingu, ambaye alishakufa, akamlowesha, akatafuta mswaki. Akampitisha mara moja, nyuma kwenda mbele, kwa upole uleule. Akamrudisha chini ya lenzi. Unywele wa mbele, uliojificha ndani ya kifereji cha paji la uso, ulikuwa umesimama. Wa nyuma haukuwepo. Kilibaki kitundu.

Aliutupa mswaki ukutani. Alikasirika kama ambavyo hajawahi kumkasirikia Lionel, maana Lionel angalau hakujidai kuwajua wadudu hawa. Yeye alijidai. Mtu wa hovyo angeharibu nusu tu na ukweli ungeonekana mapema; ilihitajika fundi hodari ili kuharibu wote sawasawa hadi uharibifu ufanane na maumbile. Alijitukana kwa Kifuliiru, akajitukana kwa Kiswahili, na hakuna tusi lililotosha.

Blandine, alipoelezwa jioni ile, hakuona ugumu wowote.

"Yaya, useme ni maji. Nani atajua?"

"Minye nitajua."

"Basi unyamaze kabisa. Directeur aanguke peke yake, siku moja muzungu atatazama, Directeur atasikia haya. Weye uko pembeni. Jina yako haiko mule. Si ndiyo ulikuwa unalilia? Ona sasa, imekuokoa!"

Hilo lilimwuma kuliko yote, kwa sababu lilikuwa kweli. Generose alikwenda kulala bila kula.

Siku ya nne asubuhi alibeba darubini mwenyewe hadi ofisini kwa Lionel, akaiweka juu ya kopi ishirini za makala, akamwambia atazame. Alimwekea kwanza mdudu mzima, kisha wa sandukuni, kisha yule aliyempitishia mswaki.  Lionel alitazama, akarudia, akarekebisha lenzi. Si mjinga Lionel. Nusu ya ubaya wake ni kwamba si mjinga. Shingo yake ilianza kutoka jasho.

"Nani alibasafisha?" akauliza mwishowe.

"Minye. Weye ulisema bang'ae, minye nikabasugua."

Alitarajia kelele, na alikuwa amejiandaa kuzirudisha. Lakini Lionel aliinuka, akafunga mlango, na sauti yake ikawa laini kuliko Generose alivyowahi kuisikia.

"Mama Generose, ikala. Tafazali." Akavuta kiti. "Bageni banafika kesho. Artikle imekubaliwa. Hakuna mutu atatafuta vitundu, si bale, si mingine. Bale bane ba Runingu, tunaweza kubaacha. Na minye, leo hii, sasa hivi, ninaandikia revue yenye ilikubali artikle. Ninasema tulisahau jina moja. Yako itakuwa ya pili. Nyuma ya yangu, mbele ya profesa."

Na alitaka. Tusimpambe: Generose alitaka hadi mate yakamjaa mdomoni. Aliliona jina lake limekaa pale juu, Generose Namulisa, kwa herufi za chapa, likisomwa Kinshasa, likisomwa Ulaya, na Blandine akilibandika karibu na cherehani. Kazi ya maisha yake yote, mstari mmoja. Mstari mmoja tu! Mtu huyu angeweza kuuandika siku yoyote, akiwa ameketi, bila kuinua hata kiwiko. Alikuwa nao wakati wote, na amengoja hadi leo, siku ya kuhitaji kumziba mdomo, ndipo autoe.

Hasira ilimpanda kutoka miguuni.

"Kumbe ilikuwa inawezekana," alisema.

"Nini?"

"Jina yangu. Kumbe ilikuwa inawezekana. Miaka kumi na tisa, Directeur! Nimelala mu matope ju ya bale badudu. Nimekimbia risasi ku njia ya Bijombo na bichupa mu kikapo. Na ilikuwa mustari moja!" Alipiga meza, kopi zikaruka. "Andika barua. Useme ile genre, jenasi yenu mupya, haiko. Kama hauandike, kesho nitasimama mbele ya bageni na bale badudu batatu mu mukono."

Lionel akageukia kompyuta kama mtu anayekwenda kuchanjwa, akaanza kuandika. Alichapa polepole, akisoma kwa sauti na kumfasiria: kwamba makala iondolewe, kwamba wadudu ni wa jenasi ya zamani, kwamba unywele wa nyuma ulivunjika wakati wa kusafisha, kwa mkono wa mfanyakazi wa kituo.

"Mufanyakazi gani?" akauliza Generose.

"Mama, ninakuchunga. Barua hii itasomwa na bantu ba inje. Itabakia."

"Ulipokuwa unashukuru, nilikuwa bafanyakazi. Ku kosa sitaki. Weka jina."

Lionel akaliweka.

"Ni nani aliona kosa?"

"Generose..."

"Ni nani aliona?"

"Itakuwa mara mbili mu mustari moja, haipendeze."

"Weka mara mbili."

Akaliweka. Sasa Generose alikuwa amesimama nyuma yake, anasoma Kifaransa kile kwa macho yake mwenyewe.

"Na ni nani alitoa amri bang'ae?"

Vidole vya Lionel vikasimama. Mlinzi alipita nje ya dirisha na viti viwili vya kukodi kichwani. Generose hakusogea. Lionel akachapa maneno manne: kwa agizo la Mkurugenzi.

"Directeur eko na jina," alisema Generose.

Lionel akafuta, akaandika jina lake, akatuma. Hakugeuka.

Generose alirudi labo na darubini kifuani. Ilimpasa kuwahamisha wale sitini na watatu, kuwatoa kwenye sanduku la jenasi ya profesa na kuwarudisha kwenye la zamani, na kila mmoja bado alikuwa na unywele wa mbele, ambao nao ungeweza kukatika. Alifungua sanduku, akashika sindano. Mikono yake ilikuwa bado inatetemeka kwa hasira, basi akaiweka sindano mezani, akakaa, akangoja mikono itulie.